Saa Moja ya Treni Kujaa

Mpendwa Papa,

Arsène anataka jibu kabla ya Jumapili. Amenipigia simu karibu kila siku juma hili, na kila mara namwambia bado nafikiria, kisha naenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Anachouliza ni hiki: ile safari yetu ya treni, wiki nzima kutoka Bern mpaka Roma, nitaenda au sitaenda? Na kama nitaenda, kiti chako apewe nani? Nimeona heri nikuandikie wewe kwanza. Safari ilikuwa yako, mimi na kaka yangu Arsène tulikuwa mizigo tu.

Barua hii sitaifunga kwenye bahasha, kwa kuwa sijui posta gani inafika huko uliko. Atakayeiokota na aisome.

Niko kwenye meza yetu ya kulia, palepale ulipokuwa ukitandaza ile ramani aliyotutumia Arsène. Kiti chako kipo mahali pake. Dada yako, Tante Faida, alitaka kukiondoa baada ya matanga, nikamwomba akiache. Akafikiri nimeguswa, akanishika bega. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na sikutaka kusikia kelele za vitu kusogezwa.

Unakumbuka jinsi jambo lenyewe lilivyoanza? Arsène alikuwa amepata kazi ya kudumu huko Uswisi, akapiga simu kwa furaha: "Papa, mwaka huu lazima ukuye. Weye na Nsimire. Niko na congé, likizo ya wiki moja, mutaenda fasi yote munataka." Nilidhani utasema unataka kupumzika, umwone mkewe Aline, ule vizuri. Wewe ukauliza, "Huko treni iko?" Arsène alicheka mpaka simu ikakatika.

Mimi sikushangaa. Ulizaliwa Sange, ukakuzwa kwa hadithi za babu kuhusu reli iliyokuwa ikipita katika bonde la Ruzizi zamani za Wabelgiji. Babu aliipanda akiwa kijana, na hakuacha kuisimulia mpaka anakufa. Wewe hukukuta hata msumari wake. Ukawa shoferi wa basi dogo la Bukavu kwenda Uvira, na kila ulipopita Sange ulitoa mkono dirishani ukawaonyesha abiria: "Hapa treni ilikuwa inapitaka!" Abiria walitazama, wakaona mihogo, wakanyamaza kwa heshima.

Basi tukaanza kupanga. Kila Jumapili baada ya misa, ukishakula, ulivaa miwani, ukanyoosha ramani kwa viganja vyote viwili, nami nikashika kalamu. Bern, Luzern, Lugano, kisha kuvuka kwenda Milano, Firenze, na mwisho Roma, kwa sababu uliapa hutarudi Bukavu ukaulizwa na Wakristo wenzako kama umemwona Baba Mtakatifu useme hapana. Venezia uliikataa. Arsène alikutumia picha kwenye simu yangu, nyumba zimesimama ndani ya maji, nawe ukanirudishia simu bila kuiangalia mara ya pili. "Maji tuko nayo hapa. Na hata sisi hatujengake ndani yake."

Milano haikuwa na mjadala. Yule Masere Domitila, mtawa wa kutoka Kavumu aliyekuwa akipanda basi lako enzi zile, alikuwa amehamishiwa huko, na kwako wewe mji wenye mtu wa kwetu si mji wa kulala hoteli. Arsène alijaribu kukueleza kwamba masista hawalazi wanaume. Ulifikiri kidogo ukasema, "Bon, basi tutakula tu." Ukaniagiza nisisahau sambaza waliokaushwa vizuri, kwa sababu mtu aliyezaliwa karibu na ziwa Kivu hawezi kukaa miaka yote hiyo akila samaki wa watu wengine. Nilikuonya kwamba wale samaki watanuka treni nzima. Ulisema vizuri, Waswisi wajue tumepanda.

Na lile handaki! Siku uliyogundua kwamba kabla ya kufika Lugano treni inaingia ndani ya mlima na kukaa humo kitambo, chakula kilikupotea mdomoni. Wewe uliyeshuka ule mteremko mkali, escarpement ya Ngomo, miaka yote ile na breki za kubahatisha, ukaogopa handaki.

"Na frein ikikataa?"

"Haikatai, Papa."

"Ni nani anashukaka kuweka jiwe kwa tairi?"

"Treni haina tairi."

Ulinitazama kama mtoto anayedanganya kuhusu bulletin yake ya shule. Convoyeur wako, utingo wa basi, Mungu amrehemu, alishuka na jiwe lake mkononi kila kona ya Ngomo, na chombo kisichokuwa na mtu wa kushuka na jiwe hukukiamini mpaka mwisho.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ile saa moja. Tulipofika kwenye ratiba yenyewe, nilikuwa nikikusomea: treni inaondoka Luzern asubuhi saa fulani. Ukasema, ongeza saa moja. Nikasoma inayofuata. Ukasema, na hapo ongeza saa moja. Nikaweka kalamu chini.

"Papa, saa ya kuondoka ni hii iliyoandikwa."

"Nimesikia. Na kujaa?"

"Kujaa nini?"

"Treni, sha! Kitu mukubwa vile itajaa mu dakika mbili? Uweke saa moja ya kujaa."

Nilicheka, Papa. Nilicheka vibaya, mpaka nikainuka mezani. Nilipopata pumzi nikakueleza kwamba kule treni haingoji kujaa. Ikifika saa yake inaondoka, hata kama ndani yuko mtu mmoja, hata kama hayuko mtu. Nilitegemea utacheka na wewe. Ulivua miwani.

"Na mwenye alikuwa njiani anakuya mbio?"

"Anapanda inayofuata."

"Hawezi pigia kelele, bamungoje?"

"Hawamngoji."

Ukasema, "Basi hawana roho hawa." Na saa zako hukuzitoa. Niliziandika zote, kila mji na saa yake moja ya kujaa, ili tumalize tukanywe chai. Nikamwambia Arsène kwa siri kwamba tutarekebisha baadaye, mzee hatajua.

Lakini mimi ndiye ningepaswa kukuelewa kuliko wote. Nani aliijua kazi ya kujaa kuliko mimi? Likizo zote za shule, tangu mama yetu afariki, hukuwa na mtu wa kutuachia mpaka Tante Faida atoke sokoni, ukatuchukua mimi na Arsène kwenda parking ya mabasi asubuhi na mapema. Ukatukalisha ndani ya basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: kukaa. Abiria wa Bukavu haingii basi tupu, anajua atakaa humo mpaka jua limchome. Anataka lile linalokaribia kujaa. Kwa hiyo sisi, pamoja na watoto wa mashoferi wengine, tulikuwa watu wa kujaza macho. Mimi ulinipa kiti cha dirishani, nionekane. Ulinifunga kitenge cha marehemu mama begani, nifanane na mtu anayesafiri. Arsène alipewa mkoba mtupu aupakate, na alikuwa akiupakata kwa uzito kama mna dhahabu.

Mtu wa kweli akipanda, unakuja, unainama dirishani, unaniambia polepole ili abiria wasisikie: "Inuka mama, mwenye kiti amefika."

Nami nainuka. Nahamia kiti kingine, kisha kingine, narudi nyuma mpaka basi limejaa watu wenye safari zao, na mimi na Arsène tumebaki chini na sumni ya maandazi. Ulipiga honi, ukaondoka, nasi tukarudi kwa Tante Faida. Sikuwahi kufika Uvira kwa basi lile mpaka nilipokuwa mkubwa, lakini nilikalia viti vyake vyote.

Sikulichukia jambo lile. Nakwambia leo kwa sababu najua liliwahi kukuuma. Siku moja ulimwambia Tante kwamba uliwafanya watoto wako vibandiko vya kuziba viti. Mimi nilipenda. Nilijua kwamba kiti nilichokalia kilikuwa cha mtu, na mtu huyo yuko njiani, na nikikaa vizuri atafika.

Ukaanza kuumwa. Kichwa kwanza, kisha ule mkono wa kushoto ulioacha kushika kikombe. Hospitalini uliongea kidogo, na kila nilipokuja ulikuwa na swali lilelile, kwa sauti ya mtu aliye mbali na simu: "Visa imetoka?" Nilijibu bado kidogo. Siku ya mwisho hukuuliza. Nilikuwa nimekwenda kukutafutia maji ya moto, na niliporudi muuguzi alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, akainuka aliponiona. Nikayaweka yale maji chini.

Tangu hapo sijalia, Papa. Nakuandikia wazi kwa kuwa wewe hupendi kuzungushwa. Kwenye maziko yako mvua ilinyesha, na mimi nilikuwa nikitazama kiatu cha padri kilivyobeba udongo, nikawaza jinsi atakavyokisafisha. Watu walipanga mstari kunipa pole na nikawa nasema asante kama mtu aliye kazini. Tante Faida akanivuta pembeni. "Mutoto yangu, lia basi. Batu banaangalia." Nilijaribu, kwa heshima yake. Niliwaza mambo mabaya kwa makusudi. Hakikutoka kitu.

Visa ilitoka baada ya matanga. Pasipoti zetu zote mbili zilirudi pamoja. Yako nimeifungua mara moja: uko na ile tai uliyoazima kwa jirani, umekodoa macho kama umesimamishwa na polisi wa barabarani, na ukurasa wa pili ile karatasi yao nzuri imebandikwa, inasema unaruhusiwa kuingia. Niliifunga, nikaendelea kupika. Wali uliiva vizuri tu.

Mtu akiuliza naendeleaje nasema vizuri, na si uongo kabisa. Ofisini hesabu zangu zinakubali. Nalala. Nakula. Ni kama mguu uliokufa ganzi: nauona, najua ni wangu, lakini nikiugusa nagusa mguu wa mtu mwingine. Naogopa, Papa. Naogopa kwamba labda nilikupenda kwa mdomo na kwa kazi tu, kwa kukupikia na kukuandikia, na moyoni hamkuwa na kitu. Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Arsène yeye analia kwa ajili yetu wawili. Unajua hakuweza kufika kukuzika. Ndege hazitui tena uwanja wa Kavumu, na njia ya kuzunguka kupitia Kigali ilimchelewesha na karatasi zake zikakwama. Alipopata nafasi tulikuwa tumeshamaliza. Alikuona kwenye simu, nikiwa nimeishika juu ya kaburi mpaka mkono ukachoka. Sasa safari hii ameifanya maziko yake. Juzi aliniambia, "Nsimire, mi sikukuya kumuzika Papa. Angalau tupande ile treni yake. Ukikataa, mi naenda nalia wapi?"

Nilimwambia nitafikiria.

Kisha akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesaidia: "Programme nimeirekebisha. Ile ma-heure ya kujaa nimeitoa yote, tunapata karibu siku nzima ya kutembea. Na kiti ya Papa, Aline anaweza kuikalia. Nabadilisha jina tu. Isipotee bure."

Lilikuwa pendekezo la akili. Aline ni mtu mwema, na treni zile zinauzwa mapema, kiti hakirudishwi. Lakini nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, na nikagundua nimekunja ngumi.

Jana nilikwenda soko la Nyawera nikanunua sambaza. Usiniulize kwa nini, wakati sijaamua kama nasafiri. Yule mama niliyezoea kununua kwake aliniuliza ni wa nani, nikasema wa Masere aliyeko Milano, akafunga vizuri akaongeza wachache juu ya mzani, akasema Papa alikuwa mtu wa watu. Nikasema asante.

Nikiwa natafuta pikipiki ya kunirudisha nyumbani, chargeur mmoja, mpiga debe, akaniita kutoka kwenye basi dogo la Kavumu. "Maman, ingia! Inabakia kiti moja tu, tunatoka!" Nikachungulia. Nyuma kulikuwa na wasichana watatu wasio na mzigo wowote, wamefunga vitenge, mmoja amepakata mkoba mtupu. Nikajua basi lile lingali na saa nzima ya kukaa pale. Sikuwa na shughuli Kavumu. Niliingia, nikakaa kwenye kiti cha dirishani, na sambaza wangu magotini.

Yule msichana wa karibu alinitazama kwa jicho la mtu wa kazi moja. "Maman, na weye bamekutuma kukaa?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akaridhika, akaendelea kutafuna muwa wake.

Tulikaa. Watu waliingia mmojammoja. Mzee mwenye jembe jipya. Mwanafunzi. Kila mmoja alipoingia msichana mmoja alisogea. Mimi nikabaki dirishani, nikitazama nje, na nilichofanya nilikielewa nikiwa katikati ya kukifanya: nilikuwa nikingoja uiname pale nje. Nilikuwa nimeiweka shingo yangu tayari. Mwisho akaja mama mmoja mnene na mtoto mgongoni, anahema, ametoka mbali, na chargeur akaanza kutafuta pa kumweka. Hakuna aliyeinama dirishani. Hakuna aliyeniambia kitu. Ikabidi niinuke mwenyewe.

"Asante sana, maman," akasema. "Nilifikiri mutaniacha."

Nikashuka. Basi lilipiga honi, likaondoka limejaa. Nilibaki pale na wale wasichana watatu, na mmoja wao akanishika mkono. Sikulia, Papa. Lakini kifua kiliuma, mahali hasa, kama mtu ameweka kidole. Niliumia nikafurahi kwamba nimeumia. Nikanunua maandazi, tukala wote wanne tukiwa tumesimama.

Kwa hiyo kesho nitampigia Arsène kabla hajanipigia. Nitamwambia naenda. Nitavuka mto Ruzizi niende mpaka Kigali na mzigo wangu wa samaki, na nikifika Bern hatalia peke yake. Nikishindwa kumsaidia kulia nitamshikia kitambaa. Nitamwambia pia kwamba jina lako lisibadilishwe. Aline akae kwenye kiti changu, na abarikiwe. Cha kwako, cha dirishani, nitakikalia mimi. Hiyo ni kazi niliyofundishwa na ninaiweza.

Na zile saa azirudishe zote. Najua atasema, "Sasa tutafanya nini saa nzima kila gare?" Nitamwambia tutakaa kwenye benchi la stesheni, tule maandazi, treni ya kwanza iende na wasio na roho, sisi tutapanda yetu inayofuata. Alikuwa na mkoba mtupu, atakumbuka.

Handakini nitakuwa macho kwa niaba yako. Masere atapata samaki wake. Roma nitamsalimia yeyote nitakayemwona, nikuletee habari kaburini, na hao Wakristo wenzako wakiuliza nitawajibu.

Lala vizuri, Papa, usiwe na haraka. Mimi nitakuwa pale dirishani, kitenge cha mama begani, nimekaa sawasawa ili nionekane, mpaka uje uiname uniambie polepole, watu wasisikie: inuka mama, mwenye kiti amefika.

Binti yako, abiria wako wa kwanza,
Nsimire